Gadenia yako haideki, inalishwa chokaa

Swali: Hujambo mtaalamu. Ninaishi Kitengela. Mwaka jana nilinunua gadenia mbili kando ya barabara, majani yake yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Moja niliipanda ardhini mbele ya nyumba. Ya pili niliitia kwenye chungu kikubwa kipya cha saruji, nikaiweka barazani. Sasa zote zimekuwa za manjano. Ya chungu hutoa matumba lakini yanaanguka kabla ya kuchanua, na ya ardhini haijatoa kitu. Namwagilia maji ya kisima kirefu cha mtaa wetu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Mama yangu, mtu wa Mombasa, huninyunyizia majivu kila wiki ili kufukuza wadudu, na anasema hii ni asumini kubwa tu. Jirani kanishauri nizike misumari yenye kutu kwenye shina. Je, kuna gadenia ngumu, isiyodeka? Na dada yangu aliye Maryland, Marekani, anaweza kuipanda nje ikapona baridi?

Jibu: Sijambo dada, na mama mfikishie shikamoo yangu kabla sijaanza kumpinga.

Kazi umenirahisishia, maana jibu umeliandika mwenyewe. Chungu kipya cha saruji, maji yenye ukoko, majivu kila wiki: kwa mmea huu hivyo vitatu ni kitu kimoja, chokaa na jamaa zake. Gadenia hupenda udongo mchachu, nawe mwaka mzima umekuwa ukiipa kinyume chake. Kama bado iko hai na inajaribu kutoa matumba, basi iliyo ngumu unayoitafuta tayari unayo.

Kabla hujagusa kitu, hakikisha kwanza kama kweli ni gadenia. Vunja jani moja au kikonyo laini. Ukiona utomvu mweupe kama maziwa, umeuziwa mmea mwingine, ule unaofanana nayo kwa majani na maua meupe, wa ukoo mmoja na mwoleanda. Ni mmea mzuri na hauna makuu, ila harufu yake haifiki hata robo ya gadenia, na utomvu wake si wa kuwaachia watoto wachezee. Gadenia haitoi maziwa. Mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui tofauti, kwa hiyo usimgombeze.

Haya, asumini ya mama. Hakukosea peke yake. Wazungu wa karne ya 18 waliita mmea huu asumini ya Rasi, wakidhani kwao ni kule Rasi ya Tumaini Jema, kumbe umetoka China. Ulipopewa jina la kitaalamu mwaka 1761 ukaitwa Gardenia jasminoides. Neno la kwanza ni kumheshimu Alexander Garden, tabibu Mskoti aliyekuwa akiishi Charleston, Carolina Kusini. La pili maana yake ni "inayofanana na asumini". Kufanana tu. Kwa ukoo gadenia ni ndugu ya mbuni, huu huu wa kahawa. Mimi nilianza kazi kwenye vitalu vya kahawa, na yeyote aliyewahi kupita katikati ya mibuni siku chache baada ya mvua ya kwanza, matawi yote yamefunikwa maua meupe, ameshaonja harufu ya jamaa yake gadenia.

Huo undugu ndio ninaotaka uushike. Asumini ya mama huota Mombasa na Lamu kwenye udongo wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu, na inanawiri. Gadenia uifikirie kama mbuni au chai: milima yenye usiku wa baridi, udongo mwekundu unaopitisha maji, uchachu wa pH kati ya 5 na 6 (pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi). Ukitaka ishara ya bure, tazama haidranja za majirani. Pale zinapotoa maua ya buluu bila kutiwa dawa, udongo ni mchachu na gadenia itafurahi. Zikitoa ya waridi, kaa chonjo.

Sasa, kwa nini manjano? Angalia majani machanga ya juu. Kama mishipa imebaki kijani na katikati yake pamekuwa manjano au karibu meupe, mmea una njaa ya chuma. Si kwamba chuma hakipo. Udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma chenye kutu, umejaa tele. Lakini udongo ukishaingia magadi au chokaa, chuma hicho hujifungia katika hali ambayo mizizi haiwezi kukinywa. Ghala limejaa, ufunguo umepotea. Ndiyo maana misumari ya jirani haitasaidia: unaongeza magunia kwenye ghala lililofungwa. Kama manjano yako kwenye majani ya chini yaliyozeeka na ya juu ni kijani safi, hiyo ni habari nyingine, pengine magnesi au naitrojeni, au ni majani yaliyomaliza muda wake tu. Kwa maelezo yako naamini ni chuma.

Chungu cha saruji nakifahamu kwa machungu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilijitia ufahari, nikanunua vyungu vipya vya saruji vilivyopakwa rangi nzuri nje, nikahamishia gadenia zangu zote za kuuza. Baada ya miezi miwili zilikuwa kama zimeugua homa ya manjano. Nikamlaumu muuza mbolea, nikabadilisha mbolea, nikalaumu maji. Siku moja nikamwaga siki iliyobaki mezani ndani ya chungu kitupu, ikachemka povu. Hapo nikaelewa, nikaona aibu. Saruji mpya hutoa chokaa kila inapolowa, na huendelea hivyo kwa miezi mingi. Jaribio hilo la siki lifanye na wewe, kwenye chungu na kwenye udongo wako mkavu pia. Ukisikia mchemko au ukiona vipovu, chokaa ipo. Usipoona kitu, haimaanishi kwamba udongo ni mchachu, ila angalau hali si mbaya sana.

Majivu nayo ni kama chokaa iliyosagwa. Kwa sukuma wiki na mahindi kwenye udongo uliochakaa kwa uchachu, mama yuko sahihi kabisa. Kwa gadenia, yakome. Wadudu tutawashughulikia kwa njia nyingine huko chini. Na ukienda kwenye duka la pembejeo usikubali CAN, ile mbolea ambayo kila mtu atakuuzia. Ndani yake imechanganywa na mawe ya chokaa. Omba salfeti ya amonia, ambayo yenyewe huongeza uchachu polepole.

Maji ndiyo magumu zaidi kwako, kwa sababu ni ya kila siku. Ukoko wa birika ni chokaa, na visima vingi vya upande wenu vina magadi na chumvi juu yake. Watu watakuambia utie siki. Ni kweli, kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 hupunguza magadi, na karatasi za kupimia pH za duka la samaki wa mapambo zitakuonyesha umefika wapi; lenga 6. Ila siki haiondoi chumvi. Chumvi hukaa kwenye chungu, huongezeka, na siku moja ncha za majani zinakuwa za kahawia kama zimebabuliwa. Dawa halisi iko juu ya paa lako. Weka mfereji kwenye mabati, elekeza kwenye pipa la lita 200 lenye kifuniko, mvua za kwanza mbili ziache zioshe vumbi kwanza. Gadenia mbili za chungu hazinywi maji mengi. Pipa moja au mawili yanaweza kukuvusha sehemu kubwa ya kiangazi kama huyatumii kwa mengine. Yakiisha, changanya nusu kwa nusu na ya kisima yaliyotiwa siki, na mara moja kwa mwezi mwagilia mengi mpaka yatoke chini kwa wingi yaoshe chumvi.

Basi tuiokoe ya chungu. Mwagilia usiku, asubuhi ichomoe pamoja na donge lake. Mizizi mizima ni ya rangi ya krimu na migumu. Iliyooza ni ya kahawia, laini, inachubuka ganda ukiivuta. Hiyo ikate. Pukuta udongo wa nje wenye majivu, lakini donge la katikati usilivunjevunje. Chungu kiwe cha plastiki au cha udongo uliochomwa, upana wa sentimita 35 au 40, chenye matundu ya kweli, si tundu moja la ukubwa wa kidole. Mchanganyiko ninaotumia ni debe mbili za udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa au chai, debe mbili za mboji ya majani iliyoiva vizuri, debe moja ya maganda ya mpunga ya Mwea, na debe moja ya vijiwe vyepesi vya volkano, vile vinavyoelea majini. Vumbi la maganda ya nazi linaweza kuchukua nafasi ya debe moja ya mboji, ila lioshe mara mbili kwanza kwa sababu mara nyingi huja na chumvi. Wauzaji wa "udongo wa msitu" waache. Udongo huo huchotwa msituni usiku, nawe unajua nani analipa baadaye mito ikikauka.

Shina libaki kwenye kina kilekile lilichokuwa nacho. Gadenia ikizikwa shingo huoza. Juu ya udongo tandaza majani makavu unene wa vidole vitatu, bila kugusa shina. Chungu kikae kivulini chenye mwanga kwa wiki mbili, kisha kikae mahali pa jua la asubuhi hadi saa nne au tano, halafu kivuli. Baraza inayotazama mashariki ni bora kuliko zote. Siku hizo za mwanzo ng'oa matumba yote yaliyobaki. Najua inauma. Mmea hauwezi kujenga mizizi na kulea maua wakati mmoja.

Chuma chenyewe utakipa kwa chelati, yaani chuma kilichofungwa ndani ya kemikali inayokizuia kujifungia udongoni. Madukani utakuta za aina mbili, na hapa watu wengi hutupa hela. Yenye herufi EDTA hufanya kazi udongo ukiwa tayari mchachu. Kwenye magadi huachia chuma mapema na kazi inaharibika. Yenye herufi EDDHA huvumilia magadi, ni ghali zaidi, na ukiikoroga maji huwa mekundu kama juisi ya zabibu. Nunua hiyo, pakiti ndogo, fuata kipimo kilichoandikwa, mwaga kwenye udongo jioni. Majani ya zamani huenda yasirudi kuwa kijani, usiyahesabu. Tazama yale mapya yatakayotoka baada ya wiki tatu au nne. Yakitoka kijani, anza kuipa salfeti ya amonia, kijiko kimoja cha chai katika lita 10 za maji, mara moja kwa mwezi, udongo ukiwa umeshalowa. Ukizidisha utapata majani ya kupendeza yasiyo na ua hata moja.

Matumba kuanguka kuna sababu zaidi ya hiyo ya chokaa. Gadenia hufunga matumba usiku ukiwa wa baridi, chini ya nyuzi 18 hivi, na hapo Kitengela umebarikiwa. Mama akiipeleka Mombasa itakua majani tu na kutoa ua moja moja, kwa kuwa usiku wa pwani ni wa joto. Huko abaki na asumini yake. Lakini tumba likishafungwa huchukua wiki nyingi kukomaa, na katika muda huo halitaki mabadiliko. Udongo ukikauka mara moja tu, upepo mkavu ule wa tambarare za Athi ukivuma siku tatu mfululizo, au wewe ukigeuzageuza chungu ili kila upande upate jua, matumba yanaanguka. Kikianza kutoa matumba kisihamishwe. Kikinge upepo kwa ukuta au kwa mimea mingine mikubwa, na weka chini yake sinia lenye kokoto na maji, chungu kikae juu ya kokoto bila kuzama. Chomeka kidole kila asubuhi mpaka kiungo cha kwanza: pakavu, mwagilia, pana unyevu, ondoka.

Kupogoa ni mara tu maua yanapomalizika. Ukichelewa miezi mitatu unakata matumba ya msimu ujao bila kuyaona. Na ukitaka kuzidisha, vile vipande ulivyopogoa usivitupe. Chukua ncha za sentimita 10 hadi 12, zilizoanza kukomaa lakini bado zinapinda, acha majani mawili au manne, chomeka kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na mboji, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa. Kwa kawaida ndani ya miezi miwili vina mizizi.

Wadudu wa mama: akiona majani yana ukungu mweusi kama masizi, ageuze chini ya jani. Kuna wadudu wanaonyonya, inzi weupe au wale gamba au wale wenye pamba, na masizi huota juu ya utamu wanaoudondosha. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai katika lita moja, pulizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku saba. Sisimizi wakipanda shina ujue wamefuata utamu huohuo. Tena ukichomoa mmea ukakuta mizizi ina vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo, na hapo hakuna dawa ya jikoni. Choma mizizi, tupa udongo, anza upya. Kule Florida wanaogopa minyoo hiyo kiasi kwamba gadenia nyingi huunganishwa juu ya shina la gadenia ya Afrika Kusini, Gardenia thunbergia, ambayo haiiogopi.

Kuhusu ile ya ardhini nitasema waziwazi: itoe. Udongo mweusi wa Kitengela, ule unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, huzamisha mizizi miezi miwili kisha huikata miezi minne. Unaweza kuinua tuta la nusu mita na kulijaza udongo wa kuletwa, nimeona watu wamefanya, lakini maji ya chini na magadi yake hupanda taratibu na baada ya miaka michache unarudi palepale. Itie kwenye chungu kama mwenzake.

Pale mbele ya nyumba panda gadenia ya kwetu. Ndiyo, tunazo. Gardenia volkensii ni mti mdogo wa nyika za Kenya na Tanzania, umepewa jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro miaka ya 1890. Gome lake ni la kijivu, matawi magumu yamebana, maua meupe yenye harufu ambayo huzeeka kuwa ya manjano, na matunda yenye mbavu hukaa mtini miezi na miezi kama mawe. Huvumilia ukame na udongo mgumu ambao ungeua ile ya China kabla ya Krismasi. Inakua polepole, na miche itabidi uitafute kwenye vitalu vya miti ya asili, si kwa wauza maua wa barabarani. Uliuliza kama kuna gadenia isiyodeka. Ni hiyo, na siku zote imekuwa ikiliwa na mbuzi nje ya ukuta wako.

Dada wa Maryland ana tatizo lililo kinyume na lako. Mvua anayo, adui yake ni barafu. Gadenia za kawaida zikishikwa na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri huungua au kufa, ila zipo zilizochaguliwa kwa ugumu. Atafute zilizoandikwa 'Kleim's Hardy' au 'Frost Proof', ambazo huuzwa kwa ahadi ya kuvumilia mpaka karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Ya kwanza ni fupi, haizidi mita moja, na maua yake ni ya petali chache kama nyota, si yale mazito ya rosa. Mimi nayapenda zaidi, lakini wateja wangu hunicheka. Apande majira ya kuchipua, asisubiri vuli, ili mizizi itangulie baridi. Achague mahali palipokingwa upepo wa kaskazini na pasipopigwa na jua la alfajiri, kwa sababu jani lililoganda likichomwa na jua ghafla hupasuka ndani. Matandazo manene juu ya mizizi. Akikaa sehemu za milimani upande wa magharibi wa jimbo asijisumbue, aweke chungu, aingize ndani kwenye chumba chenye mwanga mwingi na ubaridi kidogo, mbali na kipasha joto.

Na kile chungu cha saruji usikitupe. Kijaze udongo wowote mzuri, kiegemeze kwenye ukuta unaopata jua la mchana unaohifadhi joto usiku, kisha mwambie mama aletewe tawi la asumini kutoka Mombasa. Hapo majivu yake nayo hayatamdhuru mtu.